Mashavu ya Nyanjige

Nimekagua nyama Bariadi miaka kumi na tisa, na sijawahi kubishana na ng'ombe aliyekwisha kupasuliwa. Mtu atakudanganya, atakuapia kwa Mungu na kwa mizimu ya kwao kwa pamoja, lakini ukifungua kifua cha mnyama unaona alivyoishi. Ndiyo maana niliipenda kazi yangu, na ndiyo maana, wanasema, nilikuwa mtu mgumu kuishi naye. Waliosema hivyo ni majirani. Mke wangu Ng'washi hakusema kitu, alifanya alilotaka tu.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kwetu mara ya kwanza, kila mmoja na mizani yake. Kila kitu kilikuwa ruksa. Majosho ya serikali yalikuwa yamekauka, dawa za mifugo zikahamia madukani, na karibu na stendi akafungua duka kijana aitwaye Januarius, ambaye juzi tu alikuwa akiuza betri na sabuni. Rafu ya kushoto dawa za ng'ombe, rafu ya kulia dawa za watu, na katikati yeye mwenyewe, kavaa koti jeupe ambalo sijui alipewa na nani. Watu walimwita daktari, naye aliitika.

Nyumbani tulikuwa na mjukuu, Nyanjige, wa miaka mitano. Mama yake, binti yetu Flora, alifia Mwanza akiwa amebaki mifupa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ugonjwa gani. Mtoto aliletwa kwetu na kanga mbili na kikohozi. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba hata mimi, ninayeshinda na mbavu, nilikwepa kumtazama akioga. Jirani yetu Shida, mwanamke mwema kabisa, aliwaita wanawe ndani kila Nyanjige alipotoka na kibakuli chake cha michembe, viazi vilivyokaushwa. Hakutoa neno baya. Aliwaita tu. Ng'washi aliyaona hayo kila siku. Mimi niliyaona Jumapili.

Kisha mtoto akaanza kunenepa. Mashavu yakawa ya mviringo, shingo ikafupika, tumbo likatangulia mbele. Alikula akamaliza, akaisogelea sahani yangu, akaniangalia mimi babu yake. "Guku, hiyo huimalizi?" Nilimwachia. Nilifurahi, niseme kweli, nilifurahi mpaka kanisani nikawa naimba kwa sauti, mimi ambaye huwa nafungua mdomo bila kuimba. Watoto wa Shida wakaruhusiwa kucheza naye. Nilimsifu Ng'washi kwa upishi, naye akainama akaendelea kupepeta mchele.

Mwezi wa saba, mfugaji mmoja aitwaye Luhaga alileta machinjioni ndama dume wa miezi minane aliyevunjika mguu mnadani. Ndama mviringo, manyoya yanateleza, ungesema hajawahi kuona kiangazi. Nikafungua kifua. Sasa, ndama ana nyama moja laini, nyeupe-nyeupe, inayoanza kooni na kushuka mpaka juu ya moyo. Wauza nyama huigombania kwa sababu ikikaangwa ni tamu. Chuoni tuliambiwa inaitwa thaimasi, na kwamba humo ndimo askari wa mwili wanamofundishwa wakiwa wachanga, wamjue adui na wamjue ndugu. Kwa ng'ombe mzee hunyauka yenyewe, hapo askari wamekwisha kuhitimu. Kwa ndama wa miezi minane inapaswa kunijaa kiganja. Kwa yule wa Luhaga nilikuta uzi.

"Huyu umemchoma nini?" nikamuuliza.

"Sijamchoma kitu, Bwana Mifugo."

"Luhaga, mimi nimefungua kifua. Wewe umefungua mdomo tu."

Alicheka, kisha akatoa kichupa mfukoni. "Ni ya kunenepesha. Wanunuzi wa siku hizi wananunua kwa macho. Ni dawa nzuri, ng'hana, kweli kabisa. Januarius anasema hata watu wanaitumia, ila wao wanapewa vidonge."

Nilimkatalia nyama yake yote na kumpa somo mbele ya wachinjaji: ukimchoma mnyama dawa unaacha, unahesabu siku zake, dawa inatoka mwilini, ndipo unamleta kwangu. Sheria rahisi, hata mlevi anaielewa. Katikati ya somo lile neno "watu" likanirudia. Nikayaona mashavu ya Nyanjige. Niliacha kisu juu ya meza nikaenda nyumbani na mabuti yenye damu.

Nilimuuliza Ng'washi anampa mtoto nini, naye hakukana. Aliingiza mkono kwenye chungu cha karanga akatoa karatasi iliyosokotwa, ndani yake vidonge vyeupe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mwezi wa nne sasa.

"Umemlisha mtoto dawa ya mnadani," nikasema. "Imemkausha kifua."

"Umemfungua kifua?"

"Sihitaji kumfungua. Nimeona kwa ndama."

"Baba Flora, wewe unajua kwamba watoto wa Shida walikuwa wakiitwa ndani? Unajua Nyanjige alikuwa akiniuliza kwa nini? Nimjibu nini mimi, kwamba wanangoja umfuate mama yako?"

Mimi nikishindwa napaza sauti. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mwanamke aliyezika binti. Aliyapokea. Kisha akasema kwa upole, "Sawa, ni vibaya. Lakini usimwachishe ghafla. Nilipokwenda msibani Nyashimo nilivisahau siku mbili, mtoto akalala kama nguo iliyolowa. Nilipompa, akaamka."

"Ndivyo sumu inavyofanya. Inamshika mtu ili asiiache."

Nikavitupa chooni mbele ya macho yake. Nikamwambia aende kwa kaka yake kijijini Mwamapalala mpaka hasira yangu ipoe. Mtoto ningemlea mwenyewe. Hakulia. Alijifunga kanga vizuri, akambusu Nyanjige utosini, akaenda kungoja lori.

Nilikuwa na uhakika, na uhakika ni kitu kitamu. Dawa imeingia, baada ya siku tano itatoka. Nilichora alama za mkaa kwenye ubao wa mlango, moja kila asubuhi, kama ninavyofanya kwa mnyama aliyewekwa karantini. Siku ya pili Nyanjige alisema miguu inauma. Siku ya tatu alisukuma sahani, yeye aliyekuwa akiilamba. Siku ya nne akakohoa, akapata homa, akatapika uji wote. Nilimfuta mdomo nikafurahi. Nisikilize vizuri: nilifurahi. Nilimwambia, "Inatoka, mjukuu wangu. Vumilia, inatoka."

Asubuhi ya tano nilipochora alama ya mwisho nikamwita aje aione. Hakuja. Nilimkuta kitandani, macho nusu wazi, ngozi baridi na jasho juu yake. Nilimwinua mkono, ukaanguka. Nilimfunga mgongoni kwa kanga ya marehemu mama yake, mwanamume mzima, nikapanda baiskeli. Shida aliniona nikipita. Yeye ndiye aliyekimbia kwenye malori ya pamba akamwambia dereva wa Mwamapalala amtafute Ng'washi.

Hospitalini alikuwepo daktari kijana, jina lake Athanasi, mtu wa maswali mafupi.

"Mzee, kuna dawa yoyote mtoto anatumia?"

"Hakuna," nikasema.

Kichwani kwangu lilikuwa jibu la kweli. Nilikuwa nimehesabu siku, dawa ilikuwa imetoka. Wakamtundikia maji, wakampima malaria, wakampa sukari kwenye mshipa. Nilikaa kwenye benchi nikitazama tone moja moja. Hakuamka. Mdomo wake ukawa na rangi ya majivu.

Kabla ya saa sita daktari alirudi akachuchumaa mbele yangu. "Mzee, mtoto anatuponyoka na sijui kwa nini. Malaria hana. Homa yake ni ndogo, haistahili kumwangusha hivi. Presha inashuka tu. Fikiri tena. Vidonge, mitishamba, chochote. Sitamlaumu mtu."

Safari hii nilijua anachouliza. Nilijua, naapa. Lakini nyuma yangu wodi ilikuwa imejaa watu wanaokula nyama kwa muhuri wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mnadani kuwakaripia kuhusu dawa za Januarius. Niseme nini, kwamba nyumbani kwangu ndiko zilikokuwa kwenye chungu cha karanga? Na kama kuacha ndiko kulikomwangusha, basi aliyemwangusha ni nani? Nilitazama mabuti yangu.

"Nimekwambia hakuna."

Alisimama akaenda. Aibu niliyoisikia wakati ule ningali naisikia ninapokula, kwa hiyo siku hizi nakula kidogo.

Ng'washi aliingia saa saba hivi, amejaa vumbi, nyuzi za pamba kichwani, kwa kuwa alipanda juu ya marobota. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akamgusa mtoto shingoni, akageuka kumtafuta daktari kwa macho. Alipompata alifungua pindo la kanga. Vilikuwemo vidonge vitatu. Alikuwa amevificha siku ile nilipotupa vingine.

"Daktari, alikuwa anakula hivi. Viwili kwa siku, miezi minne. Vimeachwa siku tano sasa."

Daktari alichukua kimoja akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Nani alimwachisha?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao.

"Mimi," akasema Ng'washi.

Daktari hakungoja zaidi. Alimwita muuguzi, sindano ikaletwa, ikaingia kwenye mpira wa maji yaliyotundikwa. Ilikuwa dawa ya ukoo ule ule, alituambia baadaye, ile ile niliyoizamisha chooni. Tulikaa kila mmoja upande wake wa kitanda. Baada ya muda mrefu midomo ilibadilika rangi. Kabla ya saa kumi Nyanjige alifumbua macho, akamwona bibi yake, akauliza kama kuna uji.

Ndipo daktari akamgeukia Ng'washi, na hakumpunguzia. Alimsema mbele ya wodi nzima, wanawake wakitikisa vichwa. "Mama, juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Zinatoa homoni inayomwezesha mtu kustahimili ugonjwa, njaa, hata msiba. Vidonge hivi vinafanya kazi hiyo hiyo. Ukivimeza kila siku, zile tezi zinaona kazi imepata mtu mwingine, zinalala. Unavikatisha ghafla, tezi bado zimelala, kikohozi kidogo kinakuja, mtoto hana cha kumsimamisha. Nani alikutuma uvikatishe namna hiyo? Ungengoja mpaka jioni ungemzika."

"Nimekosa, daktari," akasema mke wangu.

Mimi, badala ya kusema lililotakiwa, nikauliza, "Na thaimasi, ile tezi ya kifuani?"

Daktari alinitazama kwa mshangao. "Mzee umeijulia wapi? Ni kweli, homoni hii ikizidi inainyausha, na askari wa mwili wanapungua. Mwili wenyewe hufanya hivyo mtu akiwa na shida kubwa, ila kidogo kidogo. Vidonge hufanya haraka. Dawa ikipunguzwa polepole, kwa mtoto hurudi kukua. Itachukua miezi. Mpaka wakati huo hata surua ya jirani ni hatari kwake." Akashusha sauti. "Na damu yake tumeipima. Ugonjwa mnaouogopa hana. Wembamba alionieleza mama hapa, naona ulikuwa minyoo, na kumlilia mama yake."

Ng'washi alifunika uso kwa kanga. Mabega yalimtikisika. Miezi minne alikuwa akimnenepesha mtoto ili watu wasione ugonjwa ambao haukuwepo, na siku tano mimi nilikuwa nikimponya kama ndama. Nilitaka kumshika bega. Sikujua kama ningali na ruhusa.

Nilimfuata nje barazani alipokwenda kutikisa vumbi. Nilisimama karibu naye, kofia mkononi.

"Mama Flora. Kwa nini umesema ni wewe?"

Alikuwa akitoa nyuzi za pamba kichwani, moja moja, bila kunitazama.

"Ningesema ni wewe, ungeanza kumweleza daktari habari za ng'ombe," akasema. "Mtoto hakuwa na muda huo."

Nilifungua mdomo nimbishie, na neno la kwanza lililonijia lilikuwa ng'ombe.