Pua ya Freyja

"Huyu si Freyja," mama mkwe wangu, Ragnfrid, alimwambia mwanawe, akikigeuzageuza kidani cha fedha mlangoni penye mwanga. "Hii ni pua ya mkeo!"

Kweli tupu. Mume wangu, Hroald, alikuwa amemfinyanga kwa nta, kabla ya kumimina fedha, yule mungu wa kike wa uzazi, mikono juu ya tumbo, shanga safu nne shingoni. Kisha akampa pua yangu, iliyopinda tangu mbuzi aliponipiga teke utotoni. Nimezeeka sasa, na hadi leo sijui kama alikusudia au mkono wake ulijiendea tu.

Ragnfrid hakuwa anatania. Kidani kile ndicho kilichokuwa kinga yangu ya kujifungulia. Dada yangu alikuwa amefia kwenye uzazi msimu wa theluji uliopita, na ile ilikuwa mimba yangu ya kwanza.

"Freyja ndiye mzuri kuliko wote, halafu ana wivu," alisema. "Unamtia kilema, halafu umwite aje kusaidia? Kiyeyushe."

"Kalibu ya kumiminia nimeshaivunja, Mama," alisema Hroald. " Udongo mpya utakauka baada ya siku tatu."

"Basi mkeo atasubiri!"

Sikusubiri. Uchungu ulinishika palepale, nikakipokonya kidani. Shingo ya Hroald ilikuwa tupu. Nyundo yake ndogo ya mungu Thor, aliyoivaa iwe kinga ya baharini, alikuwa ameiyeyusha ili fedha ya kidani itoshe. Sikuwa tayari kuirudisha motoni.

"Asikiguse mtu," nilisema.

Ragnfrid akaanza kufungua kila fundo nyumbani ili mtoto asikwame: mishipi, nywele zetu, hata kamba za mbuzi, ambao walikwenda kuimaliza kabichi ya jirani.

Adhuhuri ya siku ya pili nguvu ziliniisha. Nilimwambia Ragnfrid amtafutie Hroald mke mwingine, mpole kuliko mimi. Alikifumbua kiganja changu, akainamia kile kidani mpaka pumzi yake ikanipata vidoleni.

"Nisamehe, Bibi," alimwambia Freyja, machozi yakimtiririka. "Nina mdomo mchafu. Pua hii ni nzuri. Kila asubuhi naiona inaingia na ndoo ya maziwa, moyo wangu unatulia. Usininyang'anye. Hata ikipinda zaidi, mimi naitaka hivyohivyo."

Alikuwa bado anaisifu pua ile, mtoto alipolia.