Kwapa Jeusi

"Kifungo hicho kitamwangukia mgonjwa jichoni," mama mdogo aliniambia akiwa chali chini ya kamera ya mionzi, khanga kiunoni. Yeye ana uvimbe kwenye titi la kulia, mimi nina kifungo kimelegea kwenye koti la kazi, na anachokiona ni kifungo. Fundi cherehani haachi jicho lake nyumbani.

Ndiye aliyenilea mama alipofariki, kwa cherehani na mkono wake wa kulia. Daktari wa upasuaji alikuwa amemweleza bila kuficha. Dawa yenye mionzi ingechomwa karibu na uvimbe, nayo ingefuata njia yake mpaka tezi ya kwanza kwapani. Tukiiona ikiwaka, angeitoa hiyo tu na kuipima. Tusipoiona, huenda angesafisha kwapa lote, na mkono ungeweza kuvimba maisha. Mama mdogo alishika neno moja tu, mkono. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Nilimchoma sindano, nikamsugua titi kuisukuma dawa, nikarudi nyuma ya kioo. Ndiyo kanuni yetu: ukishamchoma mgonjwa, usikae karibu naye bila sababu, maana sasa mionzi inatoka kwake. Kwenye skrini, mahali pa sindano pakawaka. Kwapani giza. Nikamwambia atembeetembee, ainue mkono, nikamsugua tena, tukapiga picha nyingine. Giza lile lile. Niliichukia ile mashine kama mtu.

Mama mdogo aligeuza shingo akaiona skrini.

"Kwapa jeusi tii! Hakuna kitu! Nilisema mimi, mkono wangu hauendi popote. Hebu lete simu nimpigie binti yangu."

Sikumpa.

"Unaninyima simu yangu mwenyewe? Kweli nililea."

Daktari wa picha aliingia, akatazama skrini, akanitazama mimi, akatoka kwenda kumpigia mwenzake wa upasuaji. Kwa mgonjwa hakusema hata pole. Waoga sisi, na mimi nimo.

Basi nikatoka nyuma ya kioo nikaketi kitandani, bega kwa bega naye. Kanuni ikae hukohuko.

"Mama mdogo, dawa haiwaki penye ugonjwa. Inawaka inapofika. Hii haikufika."

"Kwa nini isifike?"

"Huenda tezi zimejaa saratani, zimeifungia njia. Nadhani watasafisha kwapa lote."

Furaha ilimtoka usoni, nami nilitamani ningekuwa nimekosea. Akakunja vidole vya mkono wa kulia, akavikunjua, akavikunja tena.

"Vua hilo koti," akasema. "Mkobani mwangu mna sindano na uzi."

"Mama mdogo, acha tu, pumzika."

"Vua, nimesema. Nikushonee leo, mkono bado wangu."

Nikavua. Akakishona kile kifungo, akazungusha uzi, akazungusha tena, na kila nilipodhani amemaliza aliingiza sindano upya.