Jina la Zimwi la Sita

Kikosi changu kilikuwa na mazimwi sita. Matano niliyaacha na majina yake ya mchezoni. La sita nililipa jina la mama yangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nataka kujitetea. Nina miaka ishirini na tisa, nauza kwenye duka la dawa la watu hapa Damanhur, na hata sasa ninapoyaandika haya masikio yananiwaka.

Kwenye mchezo huu wa mtandaoni nguvu peke yake haikufikishi mbali. Unachagua mazimwi sita, unaingia vitani na manne, mawili mbele na mawili yakingoja nyuma. Mimi nilikuwa na mwewe wa moto ambaye akipata raundi tatu tu za kupumua anafagia uwanja mzima. Shida ni kwamba hakuzipata. Kila nilipokutana na Mjapani au Mbrazili, mwewe alidunguliwa raundi ya kwanza, nami nikabaki naikodolea simu macho kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini.

"Kaka, wewe huna kikosi, una bwana harusi," aliniambia Basyuni, fundi friji niliyekuwa nafanya naye mazoezi. "Umempamba mmoja, wengine wote wapiga vigelegele. Tafuta wa kupigwa."

"Wa kupigwa?"

"Ndiyo, wa kupigwa! Anayesimama mbele akaziita ngumi zote zije kwake. Yeye afe, mwewe wako aishi. Umeelewa au nikuchoree?"

Nililipata zimwi la tope, nene, lenye uso wa kiboko aliyenuna. Ujanja wake ulikuwa mmoja: likipiga mguu chini, kila pigo la adui hugeuka na kulifuata lenyewe. Nikalilea wiki tatu. Pointi zote nikazimwaga kwenye uhai na ngozi, kwenye kasi sikuweka hata moja. Nikalipa tunda la kulirudishia nguvu likikaribia kufa, nikalijaribu, nikalitoa, nikalirudisha. Lilikuwa linapokea mapigo mawili, wakati mwingine matatu, halafu linaanguka, na mwewe anabaki mzima.

Jina lilikuja Ijumaa moja mchana. Mama aliniomba nifungue bomba la barazani lijaze beseni la nguo. Nikafungua, nikaingia chumbani kucheza, nikasahau. Maji yakajaa, yakamwagikia chini kwenye magodoro ya Ustaz Shukri, jirani wa ghorofa ya chini, aliyekuwa ameyaanika kwenye kibaraza chake. Akapanda ngazi anatoa moshi.

"Nani huyo amefungua bomba?"

"Ni mimi, Ustaz Shukri," nilimsikia Mama mlangoni. "Mimi na akili zangu hizi za kizee. Nimefungua nikasahau."

"Wewe, Mama Raafat, au lile jitu lako la simu?"

"Wagdi hata hayupo. Niseme mimi, ndimi mwenye kosa."

Akamsema dakika kumi nzima. Akamsema uzee wake, usafi wake, akafika hadi kwa marehemu baba. Mimi nisiyekuwepo nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba, simu mkononi, namalizia raundi. Na nilishinda. Ustaz alipoondoka Mama aliniletea chai, akauliza, "Umeshinda?" Chai haijapoa nilikuwa nimeshaliandika jina juu ya zimwi la tope: Tafida.

Wakati ule niliona nimempa heshima. Hakuna anayemwita Tafida. Tangu kaka yangu azaliwe yeye ni Mama Raafat, hata sasa ambapo Raafat yuko Kuwait na hapigi simu ila sikukuu. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akimwita hivyo, tena kwa sauti ya chini, na Baba ana miaka saba kaburini.

Na kwetu jina la mama halitajwi mbele ya wanaume. Shuleni, mtoto akilijua jina la mama yako amekushika pabaya. Nikiwa darasa la nne, mmoja alilisoma jina la Mama kwenye kadi yangu ya chanjo, na muhula mzima nikaitwa Tafida uwanjani, mistarini, hata chooni. Nilimvunja jino, na bado waliendelea. Sasa mtu ataniuliza, kama uliyaonja hayo, ilikuwaje ukaliandika kwa mkono wako? Niliona ni siri yangu na simu yangu. Mtu wa Osaka akiliona jina Tafida anaona herufi tu.

Tukaanza kupanda. Tafida anapiga mguu chini, anapigwa, anakufa, mwewe anafagia. Ndani ya miezi miwili nilikuwa miongoni mwa wachezaji wanane bora nchini, tukaitwa Iskandaria kumalizia mashindano ukumbini, mbele ya watu. Vikosi vilifungwa Jumatano, na kikishafungwa hakiguswi. Nilikagua silaha mara nne, pointi mara nne. Jina nilikuwa nimelizoea mno hata macho yaliliruka.

Nilikumbuka nikiwa kwenye treni, kituo cha Sidi Gaber cha Iskandaria kinaonekana. Nikafikia kwenye meza ya waandalizi nikihema.

"Nataka kubadilisha jina la zimwi moja."

"Hayabadilishwi, mkuu. Kwani ni tusi?"

"Si tusi."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Ningemwambiaje? Nikaondoka. Mechi mbili za kwanza zilichezwa pembeni, kila mtu na kiti chake, na nikashinda zote nikimwomba Mungu mtu asinichungulie. Kisha nikasikia jina langu likiitwa jukwaani, fainali, chini ya skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Mpinzani wangu alikuwa Noran, mwanafunzi wa uhandisi wa miaka kumi na tisa, mpole wa uso na katili wa mchezo. Vikosi vyetu vikatokea juu, herufi kubwa kubwa. Haytham, kijana aliyekuwa akitangaza mechi, akasoma majina ya kikosi changu moja baada ya jingine, akafika la sita, akalamba midomo. Alikuwa analionja.

"Tafida!" akapaza. "Jamani, Ta-fi-da! Jina la mabibi zetu hili! Mara ya mwisho kulisikia nilikuwa sijaota meno!"

Ukumbi ukacheka, watu mia mbili, wanaume karibu wote.

Na hapo ndipo nilipomwona. Safu ya tatu, kando, na gauni lake la kwendea harusini, sufuria mapajani imefungwa taulo. Basyuni alikuwa pembeni yake ananipungia mkono, amejaa furaha. Mjinga yule ndiye aliyemleta, alitaka kunifurahisha. Mama alikuwa ametazama juu, kwenye skrini. Anasoma polepole, midomo inatembea. Alipomaliza kusoma uso wake ulifunguka, sijui niseme vipi, ulirudi nyuma miaka. Mkono mmoja ukapanda kifuani, wa pili ukaanza kuinuka, kama mtu anayeitwa na yuko tayari kuitikia.

Haytham akanisogezea kipaza sauti.

"Tuambie, bingwa wetu wa Damanhur. Huyu Tafida ni nani?"

Ningeweza kusema ni siri. Ningeweza kucheka tu. Lakini nilikuwa mtoto wa darasa la nne tena, na uwanja mzima umenizunguka.

"Ni punda," nikasema. "Punda wa bibi yangu, huko shamba."

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga viti. "Kwa nini punda?" akauliza Haytham, machozi ya kicheko yanamtoka, nami, Mungu anisamehe, nikaongeza kwa hiari yangu, "Kwa sababu anapigwa na halalamiki."

Sikutaka kuangalia safu ya tatu. Niliangalia. Ule mkono ulioanza kuinuka ulikuwa umeshafika kichwani, unarekebisha kitambaa ambacho hakikuwa kimepinda.

Mechi ikaanza. Nilitamani nishindwe haraka, lakini vidole vilikuwa vimeshazoea kazi yao. Raundi ya kwanza nilimtoa Tafida mbele, akapiga mguu chini. "Punda kasimama!" akapiga kelele Haytham. Noran akamchapa kwa barafu. "Punda kachapwa!" Ukumbi ukaitikia, "Punda! Punda!" Akachapwa tena, akala tunda lake, akasimama. Raundi ya tatu akaanguka, na watu mia mbili wakamlilia punda wa bibi kwa kejeli, wengine wanatoa mlio wa punda kabisa. Raundi mbili baadaye mwewe alikuwa amemaliza kila kitu. Nilikuwa bingwa wa nchi. Nilibebwa juu, nikiwa huko juu nikaona Mama anapiga makofi kwa vidole vitatu, kwa sababu mkono wa pili umeishika sufuria isianguke.

Tuliposhuka jukwaani Noran alinipa mkono bila kinyongo, kisha akamwona Mama akija na sufuria yake.

"Huyu mama yako? Jamani, amekuja! Wangu hajui hata kama nacheza. Karibu, mama yangu, niwapige picha wote."

"Mungu akulinde, binti yangu," alisema Mama. "Umecheza vizuri sana. Utakula mahshi? Ni ya majani ya kabichi, wali nimeujaza mwenyewe."

"Nitakula. Lakini kwanza niambie jina lako, nikuandike kwenye picha."

"Mama Raafat."

"Hilo ni la mwanao. Lako wewe."

Haytham alikuwa ameshafika, na kipaza sauti chake, na tabasamu lake. Basyuni yuko pale, na vijana wengine kumi na kitu, wananusa sufuria. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

Mama aliniangalia kidogo tu. Siku ile ya Ustaz Shukri sikuuona uso wake, nilikuwa nyuma ya mlango, lakini nadhani ulikuwa huo huo.

"Samira," alisema. "Andika Samira, binti yangu."

"Haya, makofi kwa Mama Samira!" akapaza Haytham. "Aliyemzaa bingwa!"

Wakapiga makofi wote, kwa heshima kabisa, hakuna aliyecheka. Na mimi nikapiga pamoja nao.