Picha ya Chumba Namba Saba

Chumba namba saba cha chuo kilikuwa na meza thelathini zenye magurudumu, na kila siku ya Mungu meza hizo zilisukumwa mara mbili. Mchana mhadhiri alizisukuma zikawa makundi. Jioni mfagiaji alizisukuma zikawa mistari. Hawakuwahi kuonana hao wawili, lakini kila mmoja alishamwekea mwenzake kinyongo cha kutosha watu watatu.

Mfagiaji alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Kimya. Shule aliiachia darasa la tano, na tangu hapo alizoea kusema pale tu alipoulizwa, tena aulizwe mara mbili. Shangazi yake, aliyepiga deki ngazi za jengo hilohilo, ndiye aliyemtafutia kazi.

"Kazi yenyewe haina elimu," shangazi alimwambia. "Fuata picha tu."

Picha hiyo ilibandikwa ndani ya mlango wa stoo ya ndoo na mafagio. Ilionyesha chumba namba saba kiking'aa, meza zimesimama mistari mitano kama askari kwenye gwaride. Kila asubuhi saa moja na nusu alifika msimamizi wa kampuni ya usafi, mtu waliyemwita Bwana Peni, kwa kuwa peni haikumtoka sikioni hata akipiga chafya. Aliitazama picha, akakitazama chumba. Vikifanana, tiki. Visipofanana, msalaba mwekundu. Ukipata misalaba mitatu unavua sare na kwenda kwenu.

Kimya alikuwa nayo miwili.

Yote miwili aliletewa na mhadhiri. Mama huyo, ambaye wanafunzi walimwita Mama Makundi, alichoka kupoteza dakika ishirini za kipindi akisukuma meza, basi wiki hiyo alianza kuwahi. Saa moja kamili anazipanga meza sita sita, kisha anakwenda zake kunywa chai. Bwana Peni akija anakuta makundi.

"Si mimi niliyezipanga hivi," Kimya alijitetea siku ya msalaba wa pili.

"Kumbe nani? Jini?"

"Mwalimu wao. Anataka wanafunzi wakae wanatazamana."

"Watazamane nyumbani kwao. Mimi nafuata picha. Picha ikisema meza ziwe juu ya bati, utanitafutia ngazi."

Mlangoni mwa chumba kulikuwa na tangazo la Kamati ya Kuboresha Ufundishaji: "Maoni yako ni muhimu." Alijifungia chooni, akafungua fomu yao kwenye simu, akasoma polepole, neno baada ya neno. Chagua cheo chako: profesa, mhadhiri, mwanafunzi. Alipandisha, akashusha. Mfagiaji hakuwemo. Akachagua mwanafunzi, moyo unamdunda kama mwizi. Fomu ikamtaka namba ya usajili. Akaizima simu, akakaa pale juu ya ndoo, machozi ya hasira yakimlengalenga. Maoni yake yalikuwa muhimu, lakini yeye hakuwepo.

Kesho yake alfajiri Kimya aliingia chumbani, asitoke. Alisimama na ufagio mkononi hadi saa moja, mlango ukafunguka.

"Kumbe ni wewe!" Mama Makundi akatua mkoba wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Yaani mwaka mzima mimi nafuma, wewe unafumua! Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Na wewe unaniletea misalaba."

"Misalaba gani tena?"

Kimya akamweleza, kwa sauti ambayo mhadhiri ilibidi ainamie kuisikia. Alipofika kwenye msalaba wa tatu, ule ambao ungemfukuzisha kazi, Mama Makundi aliketi juu ya meza kama mtoto mtundu.

"Nimeandika barua tisa," alisema. "Tisa! Kamati ikasema mpangilio wa meza ni mambo ya usafi. Ofisi ya usafi ikasema ni mambo ya mkataba. Kampuni ikasema yenyewe inafuata kamati. Nimezungushwa kama pia. Na Alhamisi hao hao kamati wanakuja kuangalia kama chumba kinafaa. Wakiona hakifai, yanarudi yale mabenchi ya kugongomelewa sakafuni."

"Mwalimu, picha umeiona?"

"Picha gani?"

Mwaka mzima, barua tisa, na hakuna aliyemwambia kuna picha. Kimya alimfungulia stoo. Mhadhiri akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, halafu akaanza kucheka kicheko kisicho na raha.

"Huyu hapa pembeni si fundi aliyeleta meza? Siku hiyo nilikuwepo! Alizipanga mistari ili azihesabu! Alikuwa anahesabu tu mzigo wake, mwanangu. Na sisi tumehangaishwa na hesabu yake mwaka mzima." Alivua miwani. "Basi. Naandika barua ya kumi."

"Hapana," Kimya alisema. Sauti ilimtoka kubwa, mwenyewe akashtuka. "Barua haitafika kabla ya Alhamisi. Tupige picha nyingine."

Walizipanga meza pamoja, makundi matano ya meza sita sita. Kimya alisimama juu ya kiti akapiga picha kwa simu yake, mhadhiri akakimbia kuichapisha ofisini kwake. Saa moja na dakika ishirini na tano picha hiyo ilikuwa mlangoni mwa stoo, imebandikwa juu ya ile ya zamani kwa utepe wa gundi.

Bwana Peni alifika. Aliitazama picha. Akakitazama chumba. Akairudia picha.

"Kiti cha kule nyuma," alisema Bwana Peni, "kimekaa upande. Kwenye picha kimenyooka."

Kimya akakimbia kukinyoosha.

Tiki.

Alhamisi kamati ilikuja, watu saba wenye mafaili. Wanafunzi walikaa kwenye makundi yao, wakabishana mpaka mmoja akasimama kudai haki. Wanakamati hawakutazama sana huko. Walisimama mbele ya ubao mpya wa kielektroniki, wakaupapasa, wakatikisa vichwa kwa furaha. Ubao huo haukuwahi kuwashwa, waya wake ulipotea siku ulipoletwa. Kimya aliufuta vumbi kila siku na hakuuona ukitoa hata nukta. Wiki iliyofuata ripoti ilibandikwa: chumba namba saba kimefaulu, kutokana na ubao.

"Kutokana na ubao!" Mama Makundi alisema, akakosa hata tusi la kuongeza. Lakini mabenchi hayakurudi.

Kimya alidhani yamekwisha. Jumatatu aliingia, akakuta meza zote zimepangwa mistari. Mwalimu wa hesabu alikuwa na mtihani saa mbili, na mtihani hautaki watu watazamane.

"Usiguse!" mwalimu huyo alimkemea. "Nimezipima kwa futi!"

Saa moja na robo. Mlangoni mwa stoo kulikuwa na makundi, chumbani kulikuwa na mistari, na Bwana Peni alikuwa ngazini, akimlalamikia shangazi kwamba kakanyaga maji. Kimya aliyafikiria mambo yote ya kufanya: kumsihi mwalimu, kumsihi msimamizi, kutafuta ile fomu isiyomtambua. Akajisikia kuchoka kama aliyebeba meza thelathini kichwani.

Kisha akaenda stoo, akabandua picha ya juu taratibu isichanike, akaikunja, akaitia mfuko wa sare. Ya fundi ikabaki wazi.

Bwana Peni akatazama, akalinganisha, akatia tiki.

Tangu siku hiyo Kimya hajasukuma meza. Kila asubuhi anachungulia chumbani kwanza, anaona wasomi wameamkaje, ndipo anachagua picha. Mfukoni anatembea na utepe wa gundi.