Pua ya Wifi

Homa ilipomwachia, iliondoka na pua yake. Pale kituo cha maziwa walimwita Mama Pua, kwa sababu miaka kumi alifunua dumu, akanusa mara moja, akasema "mazima" au "yamechacha", na hakuna aliyebisha. Sasa hata kitunguu kikiungua jikoni kwake hasikii chochote.

Alinyamaza. Mwenye watoto wanne na mume asiye na kazi hatangazi mambo kama hayo. Wiki tatu alijikimu kwa uso wa wifi yake, dada wa mumewe, karani wa mizani aliyesimama kando yake: maziwa yakiwa mabovu, pua ya wifi ilibana kabla kifuniko hakijatoka vizuri.

Lakini wifi si mjinga. Macho yale ya wizi aliyaona. Asubuhi hiyo akaenda kwa mkuu wa kituo: "Yule hanusi kitu. Mjaribu."

Madumu mawili yakawekwa mezani, moja la leo, moja la juzi.

"Ukikosea, vua aproni uende," mkuu alisema. Wafanyakazi walijaa mlangoni. Wifi akasimama mahali pake pa siku zote.

Mama Pua akafunua la kwanza, akainama, akamtupia wifi jicho. Uso mkavu. Akafunua la pili. Wifi akakunja pua, akakohoa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mama Pua alikuwa karibu kunyoosha kidole kwenye la pili. Kisha akajiuliza: huyu aliyeninyima hata sindano miaka yote, leo ananiazima pua?

"Ya dumu la kwanza ndiyo yaliyochacha," akasema.

Mkuu akanusa, akarudisha kichwa nyuma upesi. "Kweli! Karani, acha fitina zako." Watu wakaangua kicheko. Wifi akauma meno.

Jioni wifi alimfuata bombani, macho yamelowa. "Wifi, nimekukosea. Sisi watu wa nyumba moja. Tuyamalize."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomtia Mama Pua hofu. Uso wa adui aliweza kuusoma kinyumenyume. Wa rafiki anayemwonea huruma leo na kesho akageuka, angeusomaje?

"Toka hapa, mchawi wewe! Na huyo kaka yako leo analala nje na matambara yake!"

Wifi akamtazama kwa chuki tupu. Mama Pua akashusha pumzi, akaendelea kunawa.