Kilomita za Kwenda

Saa mbili asubuhi ya Jumanne, mpangaji wa safari za ndege alitundika koti nyuma ya kiti, akaanza kupima masafa. Kazi yake ilikuwa kuingiza viwanja viwili kwenye kompyuta, kupata kilomita za baina yao, kisha kuwaambia marubani wajaze mafuta kiasi gani. Njia ya kwenda mji wa kwao aliijua kwa moyo: kilomita 6,412. Jumanne hiyo zilikuja 6,431.

Akapima tena kwa kalamu na karatasi. Hesabu haikubanduka.

"Njia imeongezeka," alimwambia mkuu wake.

"Basi ongeza mafuta," mkuu alijibu, akipuliza chai.

Marubani walithibitisha. Kwenda kulikuwa kumezidi dakika moja na ushei. Kurudi hakukubadilika.

Mpangaji hakuhitaji kuambiwa sababu. Jana yake jioni alikuwa amempigia mama yake simu kusema mwaka huu hataweza kuja, kazi zimembana. "Haya mwanangu, kazi ni kazi," mama alisema. Ulikuwa mwaka wa saba.

Tangu hapo kila udhuru ulirefusha njia. Wa kunyimwa ruhusa ulileta kilomita arobaini. Wa mafua ulileta sitini, maana hakuwa na mafua. Dada yake alipopiga kusema mama hainuki tena kitandani, naye akajibu, "Ngoja nimalize msimu huu," ziliongezeka elfu mbili kwa mkupuo, na ndege ikawa haina budi kutua njiani kujaza mafuta. Muuguzi mmoja aliyekuwa akiwahi maziko ya baba yake alikuta watu wanarudi kutoka makaburini. Aliandika barua ya malalamiko. Mpangaji ndiye aliyeijibu, akaomba radhi kwa niaba ya kampuni.

Habari ya msiba ilipomfikia alipanda ndege siku hiyohiyo. Ilikuwa kilomita 8,907. Alikaa dirishani akiomba zipungue japo moja. Alilia, akajilaumu, akaapa. Hazikupungua.

Alikuta mama keshazikwa. Dada yake alimpa maji ya kuoga, kisha wakakaa jikoni.

"Huku ni mbali sana, dada."

"Kutokea kwako," dada alisema. "Mama alikuwa akija kwako kila Alhamisi, mpaka miguu ilipomkatalia. Anakunywa chai, anavaa viatu, anakwenda. Adhuhuri amesharudi."

"Anakuja wapi?"

"Ofisini kwenu. Anasimama nje, anakuona umeinamia hesabu zako. Alisema umekonda."

Mpangaji alisugua meza kwa kidole pale palipokuwa safi.

"Mbona hakuingia?"

"Alisema una kazi."

Kisha dada akamwomba akae japo wiki moja, wapange vyombo vya marehemu pamoja. Akajibu kwamba Jumatatu anatakiwa kazini.

"Haya, kaka," dada alisema, akaenda kumkunjia mashati.