Tundu la Fundi Asegelile

Asegelile alikuwa seremala mzuri, na ngoma zake zilisifiwa mpaka Mwaya, lakini Jumapili ile nilitamani kumpiga kwa mwiko.

Mume wangu Aliko alikuwa amekwenda kuchimba shaba Rodeshia ya Kaskazini, akakaa kimya miaka saba. Watu wakasema mgodi umemmeza. Kaka yake, Hezroni, aliyefiwa na mkewe, akaanza kunifuata hapo Lyulilo, kando ya ziwa, ninapofinyanga vyungu, ananiambia mke wa marehemu hakai peke yake. Marehemu gani, nikamuuliza, kaburi liko wapi? Ndipo jirani yetu Yotamu aliporudi kutoka migodini akasema Aliko yu hai, na Jumapili saa kumi jioni wachimbaji wa kwetu watatoa salamu redioni.

Hezroni akacheka. "Jina hata mwizi anaweza kulitaja," akasema mbele ya mama mkwe. "Mimi nitasikiliza sauti. Ikiwa si yake, Damari, kesho yake unahamia kwangu."

Mama mkwe akaendelea kuchambua maharage. Alikuwa amechoka kungoja, maskini, na nilijua asipokataa amekubali.

Sauti ya Aliko ilikuwa nzito. Kwaya yetu yote iliegemea besi yake. Mwalimu Andrea, mwenye redio, alikuwa amepata spika kubwa ili watu wote wasikie, na Asegelile akaiundia boksi la mninga. Baada ya ibada tukaijaribu kwenye ua wa shule. Mtangazaji akatoka na sauti nyembamba ya kukwaruza, na ndani yake kitu kinapiga mluzi: fyuu, fyuu.

"Boksi linavuja hewa," Andrea akasema. "Spika inasukuma mbele na nyuma. Hewa ya nyuma ikitoroka, sauti nzito inapotea."

"Kwa hiyo Aliko atasikikaje?"

"Kama mtu mwingine."

Hezroni alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, mikono kifuani, anasikia yote.

Asegelile akapaka nta kwenye maungio, akaziba mwanya wa waya, akakaza skrubu. Bado fyuu. Jua lilikuwa linashuka na watu wameanza kujaa. Nikawaambia wanipishe. Nikalowesha shavu kwa maji, Andrea akawa anabonyeza karatasi ya spika polepole, nami nikapitisha shavu ubao kwa ubao, nikitafuta ubaridi. Sikuhisi kitu. Tukaliinamisha boksi, na hapo kwenye kitako upepo ukanigusa. Palikuwa na tundu la kuingia kidole, la duara, limechongwa kwa ustadi kabisa.

"Nani katoboa hapa?"

"Mimi," Asegelile akasema, anashangaa kuulizwa. "Ngoma isiyo na tundu haipumui. Nikaona na hii ina ngozi yake, ile karatasi."

Nilimtukana kwa Kinyakyusa, tena siku ya Bwana, na mwalimu akajifanya hasikii. Kisha nikakimbia nyumbani kuchota udongo wangu, nikaukandamiza tunduni. Udongo mbichi ukikauka hupasuka, nilijua, lakini mimi nilihitaji jioni ile tu.

Saa kumi ikafika. Wakasalimu wa Ngana, wakasalimu wa Mwaya, sauti zimejaa vizuri. Halafu: "Mimi Aliko, wa Lyulilo."

Alikuwa yeye. Ile besi ikashuka mpaka wauza samaki ufukoni wakageuka. Mama mkwe akaanza kulia. Nikamtazama Hezroni, kainamisha kichwa, na nilifurahi, sikatai.

Aliko akaendelea. Akamwambia mama yake ana wajukuu wawili huko. Mke wake wa huko anawasalimu. Damari asimsubiri, yeye harudi.

Hakuna neno lililopotea. Boksi halikuvuja hata kidogo.

Watu wakawa wanatazama chini. Hezroni akainuka, akanijia taratibu, uso wa huruma. "Pole, Damari. Umesikia mwenyewe. Sasa ile habari yetu..."

"Sauti ni yake, au si yake?" nikamuuliza, kwa nguvu, wote wasikie.

Akasema, "Ni yake."

"Basi mimi si mjane. Nenda nyumbani, shemeji."

Akaondoka. Asegelile akaniuliza kwa sauti ya chini kama autoe ule udongo. Nikamwambia auache. Mama mkwe akanishika mkono, tukashuka pamoja kuelekea kwangu, na tulipofika kwenye vyungu vyangu ndipo nikakaa chini nikalia.